Kilichokuwa Kikilamba Damu ya Kalekye

Damu ilikuwa imepungua. Muthoki aliinua kichupa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Jumatatu alikuwa amekijaza mpaka kwenye mstari. Leo Jumatano ilibaki nusu, na kifuniko hakijaguswa. Kuta za ndani zilikuwa safi, kana kwamba mtu amezilamba.

"Nzomo, umetoa damu ya Kalekye?"

"Mimi? Sijafungua hiyo friji tangu jana, daktari."

Walikuwa wawili tu, yeye na msaidizi wake, katika maabara hiyo ndogo, nyuma ya kliniki moja ya Makindu. Muthoki alikuwa ametoka masomoni, na huu ulikuwa utafiti wake wa kwanza: kujua kwa nini kinga ya mwili hugeuka ikashambulia kongosho, mtu akapata ugonjwa wa sukari angali mdogo. Miaka miwili alizunguka kutoka Kiboko hadi Tseikuru akibembeleza wagonjwa wampe damu. Kalekye, msichana wa miaka kumi na tisa, ndiye aliyekubali kwanza.

Muthoki alikirudisha kichupa kwenye friji. Simu ikalia. Mbinya, mamake Kalekye, alikuwa akilia.

"Daktari, mtoto ameanguka! Sukari imeshuka kabisa na hata dawa ya kuishusha hajajidunga leo. Tuko hapa kliniki, tumefika sasa hivi."

Kabla Muthoki hajajibu, harufu iliwafikia: sukari guru iliyoungua, na chini yake nyama iliyooza. Kisha wakasikia, jua la saa sita likiwaka juu ya mabati, mlio kama wa mbwa anayekunywa maji, ukitoka ndani ya friji.

Muthoki alifungua, na pale kati ya rafu aliona rundo la nywele zilizolowa, na kutoka kwenye nywele ulimi wa kijivu, mrefu, mwembamba kama mnyoo, uliopenya kioo cha kichupa cha Kalekye bila kukivunja na ukawa unapapasa humo ndani, ukifyonza, ukitoa ute mzito uliochuruzika rafu kwa rafu mpaka kwenye viatu vyake.

Nzomo alinong'ona, "Nimwite Bi Safa? Yule anayesomea watu dua za kufukuza majini?"

Muthoki, mwanakwaya wa kanisa, alikuwa akiwacheka watu wa namna hiyo. "Mwite. Kimbia!"

Bi Safa aliingia ameziba pua kwa mtandio. Alitazama mara moja tu.

"Huyu jini amepata pa kujilisha, mwanangu. Anakunywa hapa, mwenye damu anaisha huko aliko. Mwaga."

"Ya Kalekye?"

"Zote. Ameshazionja zote."

Vichupa mia tatu na kumi. Miaka miwili ya kazi. Kupitia ukutani Muthoki alimsikia Mbinya akiita, "Kalekye! Kalekye, nijibu!"

Akavuta ndoo ya klorini, akaanza kumwaga. Bi Safa alisoma, sauti yake ikipanda, na kadiri vichupa vilivyoisha ndivyo lile rundo lilivyojikunja na kukoroma, mpaka cha mwisho kilipomwagika likatapika yote liliyokunywa, mabonge meusi yenye nywele, ya moto, yakamrukia Muthoki kifuani na usoni na midomoni, naye akainama kwenye sinki akatapika mpaka hakuna kilichobaki.

Alipoinuka, friji ilikuwa tupu. Harufu imekwisha.

"Ameamka!" Mbinya alipiga kelele upande wa pili.

Muthoki aliosha uso mara tatu, akabadilisha koti, akaenda wodini. Kalekye alikuwa ameketi, akiomba chai. Muthoki alimshika mkono, akamdunga kidole ili apime sukari. Tone likatokeza, jekundu, la mviringo.

Lilinukia vizuri. Mate yakamjaa mdomoni, naye akayameza kwa kinyaa.

"Daktari," Kalekye alisema polepole, akijaribu kuvuta mkono wake. "Daktari, niachilie kidole. Unaning'ata."