Kiti cha Selo

Shingo ilikuwa imekatika. Lilikuwa limelala chali ndani ya sanduku lake lenye bitana nyekundu, na mwenyewe amepiga magoti pembeni, analia kwa kwikwi mbele ya abiria wanaosubiri mabegi. Lilikuwa selo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huibana magotini. Lilikuwa na umri wa kumzidi babu yake, na ndilo lililompa jina la Bingwa.

Inspekta alipofika, kazi ilikwisha kuharibiwa. Sajenti alikuwa amemkamata mpagazi aliyeshusha mizigo ya ndege aliyokuja nayo Bingwa na kumtandika makofi mpaka mdomo ukavimba. Mkuu wa kituo cha polisi cha uwanjani naye alishapiga simu: Bingwa ni mtu mkubwa, mpagazi ashtakiwe leo leo, tena afungwe. Kosa la mpagazi lilikuwa kuwa karibu. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, walisema wahenga. Sajenti alikuwa ameishia nusu ya kwanza.

Inspekta hakupenda kuharakishwa. Alilipapasa sanduku pande zote. Gumu, halina ufa, hakuna palipobonyea. Ndani, kidaraja kinachoinua nyuzi kilikuwa kimezungushiwa kitambaa laini kwa ustadi. Nyuzi zote zilikuwa zimelegezwa. Lakini chini ya shingo palikuwa na nafasi tupu.

"Hapa hukaa nini?"

"Mto," Bingwa alisema. "Ndio unaoishikilia shingo. Bila mto, sanduku likidondoka kidogo tu, shingo inakatika. Yule mshenzi ameuiba."

"Na nyuzi? Kila safari unazilegeza hivi?"

Bingwa alimtazama kama anayetazama mtoto mzito wa kuelewa. Akaeleza, kwa maringo yake yote, kwamba selo lake halisafiri na mabegi ya watu. Hukatiwa tiketi, hukaa kitini ubavuni pake, hufungwa mkanda, nyuzi zikiwa zimekazwa, maana akishuka tu analipiga. Kulegeza nyuzi na kuvisha kidaraja kitambaa ni kwa chombo kinachotupwa kwenye chumba cha mizigo. Leo ndiyo mara ya kwanza: yeye na dada yake walipofika mlangoni mwa ndege waliambiwa kiti cha selo hakipo na ndege imejaa.

"Mlilifungua pale mlangoni mkalegeza nyuzi?"

"Muda ungetoka wapi? Tuliwakabidhi lilivyo."

"Nyumbani nani alilifunga?"

"Dada. Hulifunga yeye siku zote. Vidole vyangu ni vya kupigia."

Alisema hivyo na wala hakujua amesema nini. Aliyelifunga alijua, wangali nyumbani, kwamba selo litaingia chumba cha mizigo. Inspekta alilipigia simu shirika la ndege. Kiti kilifutwa juzi, na aliyekifuta ni dada mtu, kwa simu yake mwenyewe.

Dada alikuwa chumba cha pili pale kituoni, mkoba mapajani. Ndiye aliyemlea Bingwa, akampikia, akambebea mizigo tangu hajulikani na mtu. Inspekta alimwomba mkoba. Hakubisha. Juu kabisa palikuwa na mto mdogo wa mahameli nyekundu.

"Huu ulifuata nini humu?"

"Niliulalia kwenye ndege, afande. Nililala vizuri sana."

"Kama ulitaka livunjike, nyuzi ulilegeza za nini?"

Alivitazama viganja vyake kwa hasira, kana kwamba si vyake. Alisema amelifunga selo lile miaka nenda miaka rudi. Aliamua kuutoa mto, akautoa. Hayo mengine mikono iliyafanya yenyewe, kwa mazoea ya kulilinda, ikijua linakwenda chumba cha mizigo, na alipozinduka sanduku lilikuwa limeshafungwa.

Inspekta alimwambia kuna mtu amepigwa kwa ajili yake. Hapo ndipo uso ulipomshuka. Alisema mpagazi aachiwe, hana hatia hata chembe, na maelezo yake atayatia saini sasa hivi. Sajenti alitumwa akafungue mahabusu, akaenda shingo upande. Kisha Bingwa akaitwa.

"Kwa nini, dada?"

"Mama alipozidiwa, ndege ya kwenda mji wenye hospitali kuu ilikuwa imebakiza viti viwili. Nilikupigia magoti, mdogo wangu. Ukasema una onyesho huko huko. Kimoja ukakaa wewe, kingine likakaa selo, tena dirishani. Sisi tukapanda basi. Mama alikata roho njiani, kichwa chake mapajani pangu."

Bingwa hakuinamisha hata macho.

"Mama alikuwa mtu wa kufa tu. Daktari alishasema. Lile lingeishi miaka mia nyingine." Akamgeukia Inspekta. "Andika, afande. Nataka afungwe."

Inspekta aliandika, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoapia, na alimchukia kijana yule kwa moyo wake wote. Alipomaliza akatoa pingu. Dada alinyoosha mikono bila kuambiwa, lakini macho yake yalikuwa kwa mdogo wake.

"Njia nzima alikuwa anakuulizia wewe," alisema. "'Mwanangu amepata kiti?' Nikamwambia umepata viwili. Akamshukuru Mungu."