Seli za Goti la Fundi Isao

Fundi Isao alikuwa akishona mikeka minene ya majani, ile ambayo watu wa mji wa Kanazawa, Japani, hutandika vyumbani. Kazi yake ilikuwa ya kupiga magoti kutwa. Mwishowe gegedu la goti la kulia, linalozuia mifupa isisagane, likatoboka. Madaktari walichukua kipande kidogo kutoka sehemu ya gegedu lake isiyoharibika. Seli zake zingeoteshwa maabara, kisha zizibe tundu lile.

Isao hakuwa na subira. Mwaka mpya ulikaribia, na wateja walitaka mikeka mipya.

Jioni moja jirani yake Mihoko, mfanyakazi wa maabara hiyo, alimtembelea yeye na mkewe Hatsue.

"Seli zako chache tulizijaribu kwenye kisahani kitupu cha plastiki," alisema. "Zimeongezeka haraka, zimejaa tele."

"Basi nipeni hizo hizo! Mnangoja nini?"

"Hazifai, mzee."

"Hazifai vipi? Si zangu?"

"Ni zako, ila zimebadili kazi. Seli ya gegedu hutengeneza protini ya gegedu. Ukiiweka juu ya plastiki ngumu, inajinyoosha, inalala bapa, na inaanza kutengeneza protini nyingine, ya nyuzi kama za kovu. Tukikuwekea hizo, utaota kovu gotini."

Mkewe Hatsue akacheka. "Hata ubishi hujamaliza, uongezewe kovu!"

Isao hakucheka. Alikuwa ameingiwa na hofu. "Na zile zilizobaki?"

"Tumeziweka ndani ya jeli laini. Humo zinabaki za mviringo, kama zilivyokuwa mwilini, na protini inayotoka ndiyo yenyewe. Tumeipima. Lakini zinakwenda polepole. Mwaka mpya utakukuta bado unangoja."

Kungoja kulimaanisha kukosa kazi za msimu. Kutongoja kulimaanisha goti bovu, na ufundi wake kwisha kabisa.

"Haraka haraka haina baraka," alisema Hatsue.

"Methali haishoni mkeka," Isao alinung'unika. Kisha akamgeukia Mihoko. "Haya, ziacheni kwenye jeli."

Mwaka mpya alikaa dirishani akitazama gari la fundi mwingine likipeleka mikeka kwa wateja wa Isao mwenyewe. Ilimuuma sana. Seli zilipokuwa tayari, aliwekewa, kisha akafanya mazoezi ya mguu kwa miezi mingi.

Siku daktari alipomruhusu, Isao alipiga magoti taratibu juu ya mkeka. Akasubiri maumivu. Hayakuja.

"Hatsue," aliita, "niletee sindano na uzi."