Chumba Kisichorudisha Sauti

Siku hiyo nilikuwa nimeshapima vyumba viwili na kubishana na mwashi mmoja mpaka koo likakauka. Nilikuwa hoi. Nilichotaka ni maji ya moto na kitanda. Lakini nilikuwa nimemwahidi Mzee Posta kwamba nitapita kwake kabla giza halijaingia, na alikuwa ameniomba kwa upole mara tatu. Nikajikokota.

Kazi yangu ni kupanga vyumba vya kurekodia. Mtu ana chumba cha uani au stoo, anataka kiwe studio ndogo ya nyumbani. Naenda, napima urefu, upana na kimo, nasikiliza chumba kinavyoitikia, kisha namwambia wapi aweke mbao na wapi aweke godoro. Hakuna miujiza. Ni futi na masikio tu.

Mzee Posta alipata jina hilo kwa kupeleka barua za watu miaka thelathini. Alikuwa amestaafu, mke wake ametangulia, na nyumbani walibaki yeye na binti yake wa pekee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Pole na mizunguko. Macho yameingia ndani, mwanangu."

"Ndiyo kazi, mzee."

Binti alikuwa sebuleni, shali shingoni. Tangu utotoni alikuwa akiitwa Zumari kwa sababu ya sauti yake. Niliwahi kumsikia kwenye harusi moja. Alipofungua kinywa, hata wapishi walitoka jikoni. Sasa alinisalimia kwa mnong'ono, nikadhani ananitania.

"Mafua?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa. "Sauti inapungua tu... miezi miwili sasa."

"Hospitali wanasema koo lake ni zima," baba yake akadakia. "Twende ukaone chumba, fundi."

Hakunitazama usoni aliposema hivyo.

Chumba kilikuwa mwisho wa ukumbi mwembamba. Kitupu kabisa. Sakafu ya saruji, kuta za plasta zisizo na rangi, dari ya zege, dirisha moja la kioo. Vyumba vya aina hiyo navijua vizuri. Ukikohoa, nacho kinakohoa. Mzee alibaki nje. Zumari akasimama mlangoni. Mimi nikaenda mpaka katikati, nikapiga kofi moja.

Pa.

Basi.

Hakuna mwangwi, hata kidogo. Nikapiga tena kwa nguvu mpaka viganja vikaniwasha. Sauti ikafia palepale mikononi.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Vitu vinavyokunywa sauti namna ile ni magodoro, mapazia mazito... na watu. Ukumbi mtupu huvuma, lakini kwaya ikishaingia na kujipanga, mvumo unakwisha, maana nguo na miili huumeza. Niliposikiliza kile chumba kitupu, masikio yangu yaliniambia kimejaa watu. Wamesimama bega kwa bega. Wamenyamaza.

Umechoka, nikajiambia. Pima, uende ukalale.

Nikavuta futi. Urefu mita nne na sentimita sitini, upana mita tatu na thelathini, kimo mita mbili na themanini. Vipimo vizuri, maana chumba ambacho pande zake zinalingana huvimbisha besi, zile sauti nzito, na hiki hakikuwa na tatizo hilo. Ili kuhakikisha, nikatoa kipimo cha mwanga, kile kidude kinachorusha nukta nyekundu na kukusomea umbali. Nikakiegemeza ukuta wa dirisha, nikakielekeza ukuta wa mbele yangu. Kilitakiwa kisome nne na sitini.

Kikasoma mita moja na tisini.

Nikaitafuta nukta nyekundu ukutani. Haikuwepo.

Nikabonyeza tena. Mita moja na arobaini.

Tena. Sentimita themanini na tano.

Mkono wangu haukuwa umesogea.

Ndipo harufu ikanifikia. Harufu ya nguo zilizolowa na kukaukia mwilini, ya watu wengi waliofungiwa pamoja muda mrefu. Kile kidude kikalia chenyewe kiganjani...

Sentimita kumi na tano.

Kitu kilivuta pumzi mbele ya uso wangu.

"Usiseme neno, fundi," Zumari akanong'ona kutoka mlangoni. "Wanapenda sauti. Njoo polepole."

Nikaenda. Hatua saba tu. Katika hatua ya nne, kitambaa kilinipangusa shavuni. Katika ya sita, bega langu liligusa bega.

Nilipotoka, niliegemea ukuta. Nikakaa chini ukumbini, nikamuuliza mzee, "Mle ndani kuna nini?"

Naye akakaa, mgongo ukutani. Alionekana amechoka kuliko mimi.

"Nilitaka asikilizwe," alisema. "Miaka mitano anapiga hodi studio za watu. Njoo kesho, njoo kesho kutwa. Nikaenda kwa mganga. Akaniuliza, unamtakia mwanao nini? Nikasema, wasikilizaji. Akacheka. Akanipa kifurushi nikifukie chini ya sakafu ya kile chumba."

"Baba," alisema Zumari. Neno hilo moja tu. Nilielewa kwamba ndiyo kwanza anasikia habari hiyo.

"Nilichimbua, mama. Wiki hiyohiyo, ulipoanza kukwaruza. Sikukuta kitu. Nikasakafia upya ili usione."

"Si umhamishe?" nikasema.

"Nilimpeleka kwa shangazi yake. Siku ya pili tu, chumba alicholala kikawa kizito hivyohivyo. Wanafuata sauti. Ndiyo maana nikakuita. Nilisikia unajenga vyumba ambavyo sauti haitoki. Nikawaza, labda na wao..."

"Mzee, sijui kujenga kitu kama hicho."

Nje watu walikuwa wanaitana, mtu anafunga geti. Zumari alikuwa analia, mabega yanatikisika, bila sauti yoyote. Baba yake alimtazama kwa muda mrefu, kisha akainuka, akajipangusa vumbi.

"Fundi, una namba ya dereva teksi?"

"Ninayo."

"Mpeleke kwa shangazi yake. Asiimbe njiani, asiseme hata neno. Mimi nitawapa ya kwangu."

Zumari akamshika mkono. Mzee akambandua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala. Akaingia. Akafunga mlango kwa ndani.

Tukamsikia akikohoa kusafisha koo.

Kisha akaanza kusimulia. Kuhusu siku ya kwanza aliyopewa baiskeli ya posta. Kuhusu mbwa waliomjua na mbwa waliomkimbiza. Sauti nzito, nzuri, isiyo na mwangwi hata chembe. Na ndani mle, chini ya maneno yake, nikasikia miguu mingi ikijipanga upya. Inamsogelea.

Nilimvuta binti mpaka barabarani.

Sauti ya Zumari imerudi. Haikuja yote kwa pamoja. Kwanza alianza kukohoa kwa sauti, kisha kucheka, na baada ya miezi miwili aliimba kwenye shughuli moja huko kwa shangazi yake, watu wakasimama. Baba yake hapokei simu. Anatuma ujumbe tu: nipo, mzima, usije.

Wiki iliyopita nilikutana naye kwenye duka la mbao. Amekonda, shati linamning'inia. Nikamwamkia. Midomo ilicheza, sikusikia marahaba. Akatoa karatasi na kalamu mfukoni, akaandika kwa mwandiko wake uliopangika:

Nitengenezee mabenchi manne. Wamechoka kusimama.

"Mzee," nikamuuliza kwa kunong'ona, "sauti imebaki ya siku ngapi?"

Akainua vidole vitano. Akavitazama. Akakunja kimoja, kisha cha pili.

Sikulala siku hiyo, nikayatengeneza. Kesho yake saa nane mchana niliyaacha mbele ya mlango wake. Ndani kulikuwa na sauti nyembamba sana ikisimulia habari za barua iliyokosa mwenyewe, na kila baada ya maneno machache ilikuwa inatulia kuvuta pumzi.

Jioni hiyohiyo Zumari alinipigia. Ana furaha, amepata mtu wa kumrekodi, wanaanza Jumatatu. Akaniimbia kipande kidogo kwenye simu. Kilikuwa kizuri mno.

Sauti ya baba yake ilikuwa karibu kwisha, nilitakiwa nimwambie anyamaze. Nikamsikiliza mpaka mwisho.