Ukuta wa Bibi Unatoka Jasho

Nyumbani kwetu kila mtu ana kazi yake ya asubuhi kabla ya shule. Mimi hupeleka maganda ya mboga kwenye shimo la mboji, kisha nachukua maji yaliyooshewa vyombo na kumwagilia bustani. Kaka yangu hukagua tangi la maji ya mvua, majani yasizibe chujio. Ni kazi ndogo tu, lakini yeye huifanya amekunja pua, macho barabarani, asije akaonwa na wenzake. Ndiyo maana tukampa jina la Meneja. Mameneja hupenda kazi zifanywe na wengine.

Nyumba yenyewe aliijenga Mama, ambaye ni fundi mwashi. Udongo aliuchimba hapa hapa uwanjani, akauchanganya na saruji kidogo, akaushindilia kwenye mashine ya mkono, tofali moja moja. Juu ya kuta, karibu na paa, aliacha matundu ya hewa. Jua liwake litakavyo, ndani mwetu kuna ubaridi mpaka Bibi, mama yake Baba, anaomba shuka mchana.

Ng'ambo ya barabara anakaa Bwana Vioo. Nyumba yake ni vioo mbele, vioo nyuma, na madirisha yasiyofunguka. Feni zinazunguka kutwa kucha. Umeme ukikatika, yeye na familia yake hutoka mbio na kuja kukaa kwenye kivuli cha ukuta wetu, wanajipepea kwa madaftari. Na siku moja, huku mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wetu huo huo, alimwambia Baba, "Jirani, hiki kichuguu mtakimaliza lini?" Sijapata kuona mtu mkavu wa macho kama yule!

Mtoto wake anasoma darasa moja na Meneja, na neno hilo alilibeba mpaka shuleni. Meneja akaitwa Mchwa. Mtu mwenye akili zake angejibu, "Mbona mnakuja kupoa kwetu?" Meneja wetu akadanganya. Alisema nyumba haijamalizwa, na kwamba wenzake wangekuja likizo waione ilivyo ya kisasa.

Mama akapata kazi mji mwingine, akaondoka. Meneja akamganda Baba. Baba ni kinyozi, na anavyojali maneno ya wateja utadhani ndio waliomzaa.

"Baba, hata wateja wako wanakucheka," Meneja alisema. Hilo tu, na Baba akalainika.

Makopo ya rangi ya mafuta yakaingia nyumbani. Wakapaka nje, wakapaka ndani, kuta zikang'aa kama sahani. Matundu ya hewa wakayaziba kwa mifuko ya plastiki, kwa sababu Bwana Vioo alisema nyumba za kisasa hazina matobo. Tangi na mfereji wa paa wakaving'oa, wakavitupa uani, eti vinaharibu sura.

"Sasa hewa itapita wapi?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni mwa chumba chake.

"Bibi, siku hizi watu wanatumia feni," Meneja akajibu. "Nitakuletea."

Feni ipi? Hatuna feni, hatujawahi kuwa nayo.

"Na Mama akirudi mtamwambia nini?" niliuliza.

"Mama yako ataipenda mwenyewe," Baba akasema, huku amesimama barabarani, mikono kiunoni, anajifurahia. Walikuwa wawili, na akili ya hata mtu mmoja haikutimia.

Mvua zikaanza. Maji ya paa, yaliyokuwa yakiingia kwenye tangi, sasa yalimwagika moja kwa moja chini ya ukuta. Ukuta ukayanywa, na rangi ikayazuia kutoka. Chumbani kwa Bibi kukawa na harufu ya tambara lililosahaulika kwenye ndoo, na Bibi akaanza kukohoa. Baba akasema ni baridi ya mvua.

Meneja alijua kuwa si baridi. Alikuwa ameona rangi imevimba malengelenge, na nyuma ya kitanda cha Bibi madoa meusi ya kuvu yametambaa. Je, alisema? Thubutu! Aliburuta kabati la nguo, akayafunika madoa, akanyunyiza manukato. Wenzake walikuwa karibu kuja, bwana.

Alasiri moja nilimkuta Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro kwa mikono miwili, anavuta pumzi na pumzi haiji. Nilipiga kelele. Baba akambeba mgongoni mpaka zahanati, mimi na Meneja tukikimbia nyuma.

Muuguzi alimwekea Bibi kifaa cha kumsaidia kupumua, kisha akamgeukia Baba. "Chumba anacholala kikoje? Kina unyevu?"

"Hapana, dada. Kikavu kabisa. Tumekipaka rangi juzi juzi."

Muuguzi akaanza kuandika dawa. Mimi nilikuwa namtazama Meneja. Macho yake yalikuwa kwenye mabega ya Bibi, yanavyopanda na kushuka kwa shida.

"Kuna kuvu," alisema. "Ukuta mzima. Niliuficha kwa kabati."

Baba aligeuka akamtazama. Muuguzi akaweka kalamu chini. "Ungenyamaza, ningempa dawa na kumrudisha kwenye ugonjwa ule ule. Asilale tena chumba hicho mpaka kikauke."

Bibi akapelekwa kwa Shangazi. Mama alipigiwa simu, akarudi kesho yake. Tulitamani agombe, hakugomba. Alichukua mwiko wake wa uashi, akachoma lengelenge moja, na maji yakachuruzika mpaka sakafuni.

"Mmeuvalisha ukuta koti la mvua," alisema, "na maji yako ndani ya koti. Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatoa. Nyinyi mmeuziba mdomo." Akamgeukia Baba. "Mtu anayekuja kupoa kwenye ukuta wangu, ndiye mliyemfanya mwalimu wenu wa ujenzi?"

Baba akaenda kutafuta vikwanguo vya rangi. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana.

Yeye na Meneja wakaanza kukwangua rangi. Plastiki ikatolewa kwenye matundu, mfereji na tangi vikarudi mahali pake, na ndani Mama akapaka chokaa, ambayo huuacha ukuta upumue. Wenzake Meneja wakatokea wakati huo huo, naye juu ya ngazi, vumbi mpaka kwenye kope.

"He! Mchwa!" mtoto wa Bwana Vioo akacheka. "Mnaondoa hata rangi?"

Nilidhani atatunga uongo mwingine. Akashuka ngazi.

"Nyumba hii ilimalizika zamani. Niliwadanganya," alisema. "Ni ya udongo, na rangi ilitaka kumuua Bibi yangu. Ukitaka kucheka, cheka, lakini shika kikwanguo."

Wawili walishika. Mtoto wa Bwana Vioo alienda zake, na hatukupungukiwa na kitu.

Kuta zilipokauka, Bibi alirudi. Mama alimketisha Meneja mbele yake.

"Mwanangu, nyumba hii sikumjengea mpita njia. Nilimjengea anayelala ndani. Uliona aibu ya kitu kizuri, ukadanganya. Kisha ukaficha madoa ili kuulinda uongo wako, na aliyelipa ni Bibi. Siku nyingine ukiona ukuta umelowa, sema siku hiyo hiyo."

"Nimesikia, Mama. Bibi, nisamehe."

Bibi alipitisha kiganja chake ukutani, juu mpaka chini, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Akajilaza, akavuta pumzi ndefu, akaitoa taratibu.

"Nimekusamehe, mjukuu wangu. Lakini ile feni uliyoniahidi iko wapi?"

Tukacheka wote, hata Baba. Meneja akainua kidole kuelekea matundu yaliyo chini ya paa, upepo ukiingia.

"Ile pale, Bibi," alisema. "Aliifunga Mama."