Maganda ya Yai Jikoni kwa Akongo

Nyumbani kwa Egau, pale Sikuda, kuku walitaga kwa bidii, na wanaume walikula mayai kwa bidii zaidi. Wanawake nao walikuwa na kazi yao. Waliyachemsha, wakayamenya, wakayanusa. Hiyo ndiyo desturi, na waliokuwa wakishiba hawakuona haja ya kuibadili. Ulikuwa mwaka wa pili tangu Uganda ijitawale. Wanawake wa nyumba hiyo walikuwa bado wanasubiri yai.

Akongo, mke wa Egau, alikuwa na mimba ya miezi sita. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mdogo kama njiwa, akafa kabla ya kupewa jina. Huyu wa pili alitaka aishi. Lakini kila alipoinuka katika kupalilia pamba, aliona shamba lote likizunguka. Chakula chake kilikuwa uji na viazi. Kesho yake, viazi na uji.

Asubuhi moja hasira ilimshinda. Alichemsha yai, akalila lote, akafukia maganda kwenye majivu.

Mama mkwe wake, Asekenye, alikuja kuzoa majivu. Aliyaona maganda. Aliyaweka juu ya ungo, akauweka ungo katikati ya ua kama anayelaza maiti.

"Egau! Egau wee! Njoo uone!"

Egau alikuja mbio na jembe mkononi. "Nani amekula?"

"Labda paka," alisema Asekenye kwa ukali, akimtazama Akongo. "Siku hizi paka wa hapa wanamenya kwanza."

"Ni mimi," alisema Akongo.

"Wewe!" alisema Asekenye. "Unataka mtoto azaliwe na upara? Unataka awe bubu kama yai?"

"Mimba ya yule wa kwanza sikula yai hata moja, mama. Yuko wapi?"

Egau akafoka, "Unamjibu mama yangu? Leo nakurudisha kwa Emojong, baba yako!"

"Nirudishe! Kwa baba yangu kuna kuku pia!"

"Hodi hapa!" Alikuwa Nereah, mkunga wa zahanati ya Busia, akishuka kwenye baisikeli. Alikuja kumpima Akongo. Aliutazama ungo. "Mbona hivi? Mmefiwa?"

"Tumefiwa na yai," alisema Akongo.

Nereah hakucheka. Alifunua kope la chini la jicho la Akongo. Ndani palikuwa peupe. "Huyu damu imepungua. Anakula nini?"

"Anakula chakula cha wanawake," alisema Asekenye. "Na huyo tumboni bado ni damu tu. Hajawa mtu."

"Damu tu?" Sasa Nereah naye alikasirika. "Keti, mama yangu, usikie. Alianza akiwa mdogo kuliko punje ya wimbi. Kabla mwezi wa pili haujaisha, moyo wake ulikuwa unapiga. Mwezi wa tatu ulipoisha alikuwa na vidole vya mikono na miguu, na mwili wake wote haukuzidi kidole changu hiki. Sasa ana nyusi. Anarusha mateke. Ameanza kusikia sauti, na Mungu amsaidie, maana mnapiga kelele! Miezi iliyobaki ni ya kunenepa na kukomaza mapafu."

"Anakula kwa mdomo gani?" aliuliza Egau.

"Hali kwa mdomo. Chakula cha mama huingia katika damu yake. Kinapita kwenye kondo la nyuma, halafu kwenye kamba inayofika kitovuni kwa mtoto. Huyu hana jiko lingine, Egau. Jiko lake ni mkeo."

"Na upara? Wanasema mayai huleta upara."

"Wewe umekula mayai tangu utoto. Mbona una nywele?"

"Yeye ni mwanamume," alisema Asekenye.

"Na mwanamume huyo alikaa tumboni mwa nani?"

Nereah alitoa kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakisimamisha juu ya tumbo la Akongo. Egau aliinama, akaweka sikio.

"Kuna kitu kinakimbia!" alisema. "Anaogopa?"

"Hapana. Moyo wa mtoto huenda mbio kuliko wako."

Asekenye alimsukuma mwanawe, akasikiliza mwenyewe. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka hakumtazama mtu. "Yule wa kwanza," aliuliza polepole, "naye alikuwa hivi?"

"Naye alikuwa hivi. Siwezi kusema yai lingemwokoa. Lakini mama akikosa chakula cha kujenga mwili, mtoto anaweza kuzaliwa mdogo na dhaifu. Mpeni mayai, maharagwe, samaki wa ziwani kutoka Majanji, mboga na matunda. Asibebe mizigo mizito. Na aje zahanati kila mwezi. Nitampa vidonge vya kuongeza damu."

Egau aliuchukua ungo, akaenda kumwaga maganda. Habari ya Emojong hakuitaja tena.

Mtoto alizaliwa zahanati, wa kike, mnene, mwenye hasira. Kilio chake kilifika barabarani. Bubu hakuwa. Asekenye alimpapasa kichwa kwa vidole vyote kumi. Nywele zilikuwa tele.

Walipofika nyumbani, Asekenye alichemsha mayai mawili, akampelekea Akongo. Akongo alikula moja. La pili akampa mama mkwe wake.

Asekenye alilitazama. Akauma kidogo. Akatafuna. Kisha akauma kipande kikubwa, akasimama mlangoni.

"Egau!" alifoka. "Kumbe ndivyo lilivyo? Miaka yote hii mnakula hivi, na mimi nimezaa watoto saba kwa uji?"

Egau aliokota jembe, akaenda shambani haraka.

Asekenye akarudi jikoni, akabandika mayai mengine.