Aliyeukata Msolo wa Ukoo

Saa kumi na mbili asubuhi Rahima aliukuta msolo wa ukoo wao umelala chini, umekatwa kwa msumeno wa mashine. Chini ya mti huo ndipo walipokuwa wakitambikia, na asubuhi hiyo hiyo wajumbe wa serikali walikuwa njiani kutoka Newala kuja kupaona. Wasipokuta mti wa tambiko, kampuni ya gesi ingechimba hapo, makaburi na yote.

Vijana walishamfunga kamba Nikolao, mlinzi wa kampuni, mtu wa Bukoba.

"Msumeno unashinda nje kambini, yeyote anauchukua!" alilia.

"Mwongo mkubwa!" alifoka Mzee Sadallah, mjomba wa Rahima na mkuu wa ukoo. "Mpigeni, atasema."

Sajini Fortunatus aliwazuia, lakini naye pingu alishazitoa.

Rahima alikuwa amefura kwa hasira, ila macho yake yalikuwa kazini. Alipiga magoti, akapangusa vumbi la mbao ardhini, kando ya kisiki. Chini ya vumbi hilo palikuwa na unga wa mtama wa tambiko, mkavu.

"Mjomba, tulitambika lini mara ya mwisho?"

"Mwaka jana. Kwani hujui?"

"Na jana jioni mvua imenyesha. Sajini, tazama. Unga uko chini, vumbi la msumeno liko juu."

"Basi umemwagwa baada ya mvua, kabla mti haujakatwa," alisema Sajini.

"Mtu wa Bukoba aombe ruhusa kwa wazee wetu waliozikwa hapa ya nini?" aliuliza Rahima. "Kwetu hamwagi unga mtu mwingine ila mjomba."

Watu wote walimgeukia Sadallah.

"Ardhi hii ni yenu, watoto wa dada zangu!" alipasuka. "Nikifa, mwanangu Mujibu hapati hata mkorosho mmoja. Kampuni imemwahidi udereva."

"Mama yangu kalala hapa! Dada yako! Umemuuza kwa usukani?"

"Niliwaomba wazee kwanza."

"Wakakujibuje?"

Sadallah aliinamisha kichwa. "Usiku niliuacha unga umesimama kama kichuguu. Alfajiri nimeukuta umebomoka."

"Wamekukatalia, na bado ukakata!"

Gari la wajumbe lilisimama. Rahima alimfungua Nikolao kamba kwa mikono yake mwenyewe, kisha akamvuta mjomba wake hadi kwenye kisiki.

"Msemaji wa ukoo ni wewe. Waambie hapa ni mahali gani, na mti kaukata nani."

"Hapa," Sadallah alianza, "ndipo tunapotambikia."

"Paza sauti," alisema Rahima. "Hawajasikia."