Sahihi ya Tatu

Mwizi anayeingia ofisini, akaiacha taipureta, akaiacha redio, akachukua kitabu kimoja kikuukuu chenye jalada lililoliwa na mende, huyo si mwizi wa kawaida. Inspekta Odeta Malimi alilijua hilo kabla hajavuka kizingiti cha Maktaba ya Wasomaji.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, Agosti 1995. Mji wa Mwanza umejaa mabango ya vyama, kila ukuta una sura ya mtu anayetabasamu. Ndani ya maktaba hakuna aliyetabasamu. Paulo, mkutubi, alikuwa amesimama mbele ya kabati la chuma akifutafuta jasho kwa kiganja.

"Kimeibwa lini?"

"Sijui, afande. Jumatatu mchana nilikiona. Leo saa mbili nimefungua kabati, hakipo."

"Kufuli?"

"Zima. Halina hata mkwaruzo."

"Funguo ziko ngapi?"

"Mmoja. Ninao mimi."

"Basi umejifunga pingu mwenyewe, kaka," alisema Koplo Ngosha, msaidizi wa Odeta, mtu asiyejua kunyamaza. Paulo aliurudisha ufunguo mfukoni haraka.

"Ngosha, kapake unga wa alama za vidole," alisema Odeta. "Paulo, nieleze kitabu."

Kiliitwa *Robota la Mwisho*, riwaya ya Mwalimu Dorotea Mayala wa Sengerema. Ilisimulia habari za karani wa pamba aliyechezea mizani mbele ya macho ya kijiji kizima. Mwaka 1974 ikapigwa marufuku. Nakala zikakusanywa zikachomwa, na mswada nao ukatupwa motoni, na mwalimu akaachishwa kazi. Ikabaki nakala moja tu, kwa sababu kanuni za kamati ya kukagua vitabu zilitaka moja ifungiwe kabatini, ili mkaguzi akija ajue ni kitabu gani hakitakiwi kusomwa.

"Yaani waliokizuia ndio waliokitunza," alisema Odeta. "Loo! Serikali ina mambo."

Karibu na dirisha alisimama mwanamke kijana, mikono kifuani, macho mekundu kwa hasira. Huyo ni Winnie, mwenye kampuni changa ya uchapishaji kule Nyegezi.

"Marufuku imeondolewa mwezi uliopita, barua ninayo," alisema. "Leo nilikuja kukitoa fotokopi. Kesho jioni napanda treni kwenda Dar, mtambo wa kuchapa umeshanipangia zamu. Lakini si treni inayoniuma, Inspekta. Bibi Dorotea yuko hospitali, Sengerema. Moyo wake umechoka. Daktari kaniambia nisichelewe. Miaka ishirini na moja hajakiona kitabu chake. Kaniomba kitu kimoja tu, akishike mkononi."

Odeta alisogea kabatini.

Vitabu vilivyokuwa marufuku vilisimama wima, vinane, vimenyooka. Kati ya cha tatu na cha nne palikuwa na kipande cha mbao kilichovikwa karatasi ya kaki, unene sawasawa na kitabu kilichotoka.

"Hiki nini?"

Paulo alikitazama. "Sijui. Hakikuwepo."

"Mkitoa kitabu mnaweka nini mahali pake?"

"Hatuweki kitu. Vingine vinaanguka, tunaviinua Ijumaa tukifagia."

"Afande," aliita Ngosha, "hapa pamefutwa. Si alama za vidole tu, hata vumbi la rafu nzima limefutwa! Mwizi gani anafanya usafi?"

Odeta alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alikizungusha kipande cha mbao, akakinusa, akakitia mfukoni.

"Kabla yako nani alikuwa mkutubi hapa?"

"Mzee Ojuok. Alinikabidhi mwaka themanini na tisa. Alinipa ufunguo huo mmoja. Mzee mwema sana, bado anakuja kila siku kusoma magazeti."

"Kitabu kina nini kingine? Kumbuka vizuri."

"Kuna karatasi imegundishwa ndani ya jalada. Amri ya kamati. Ina sahihi tatu. Ya juu ya Bwana Alexander, huyu anayegombea ubunge. Mbili za chini ni mikwaruzo tu."

"Hiyo karatasi," aliingilia Winnie, "nilisema nitaichapa ukurasa wa mbele kabisa, vilevile na sahihi zake. Watu waone jinsi kitabu kinavyouawa."

"Ulisema lini?"

"Jumatatu. Hapahapa."

"Walisikia nani?"

"Paulo. Na wazee watatu wanne wa magazeti. Sikuwajali."

"Mimi nawajali," alisema Odeta.

Ngosha yeye alishakata shauri. Ndani ya Landrova alipiga usukani. "Afande, ni mgombea huyo! Jina lake lichapwe siku za kampeni? Atakubali?"

"Twende tukamuulize."

Walimkuta Bwana Alexander ofisini kwake, kofia ya chama mezani, sauti imemkauka kwa mikutano.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Inspekta. Umekuja kunikamata au kuniahidi kura?"

"Inategemea majibu. *Robota la Mwisho* kimeibwa."

Alexander aliinuka nusu, akakaa tena. "Kile cha Dorotea? Pole yake. Mimi usinifikirie. Jumamosi nimesimama jukwaani Igoma, nimesema kwa kipaza sauti, nilizuia kitabu cha mwanamke aliyesema kweli, naomba radhi. Watu wamepiga makofi mpaka nikaona aibu. Nitaibaje kitu ninachokitangaza?"

"Wenzako wawili?"

"Mmoja alikuwa mkaguzi wa shule, amefariki zamani. Wa tatu..." Alisita. "Wa tatu hakufungua hata jalada. Tulimweka kwa sababu kanuni zilitaka lazima awepo mtu wa maktaba. Jina nikutajie?"

"Usijisumbue. Ninalo tangu asubuhi."

Ngosha alimfuata mbio hadi kwenye gari. "Unalo tangu asubuhi? Mbona hukuniambia?"

"Ungelitangaza mpaka Sengerema."

Saa tisa alasiri walirudi maktaba. Mzee Ojuok alikuwa mahali pake pa siku zote, meza ya pembeni, miwani imefungwa kwa uzi mweupe, gazeti limekunjwa vizuri kama shuka la hospitali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Poleni na kazi."

Odeta alipita, akaenda rafu iliyomkabili mzee, akachomoa kamusi mbili nene kwa mkupuo. Zilizobaki zikaegemeana, zikaanguka kwa kishindo. Odeta akaondoka zake, hakujali.

Mzee Ojuok aliguna. Alinyanyuka, akavuta mtoto wa meza ya zamani iliyokuwa chini ya rafu, akatoa kipande cha mbao kilichovikwa karatasi ya kaki. Akavisimamisha vitabu, akakichomeka pale penye pengo, akatoa leso akafuta ukingo wa rafu. Akakaa. Wakati wote huo gazeti lilikuwa kwapani; akalirudisha mezani.

Odeta alikuja akaweka juu ya gazeti kipande kile cha kabatini.

"Mapacha hawa, mzee."

Ojuok alivitazama viwili vile. Alivua miwani polepole.

"Nani alikufundisha?" aliuliza Odeta.

"Mkutubi wa kwanza wa hapa, mwaka sitini na mbili. Alisema kitabu kikiegemea kinavunjika mgongo."

"Yaani uko katikati ya wizi," alisema Ngosha, "unawaza migongo ya vitabu?"

"Sikuwaza, mwanangu. Mkono ulifanya wenyewe."

Odeta alivuta kiti. "Mzee, lazima nikuonye. Hulazimishwi kusema lolote, na utakalosema litaandikwa na kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Ufunguo wa pili?"

"Ninao, pamoja na wa mlango wa nje. Sikuzikabidhi tu. Miaka yote niliyofanya kazi, na baada ya kustaafu pia, nilikuwa nakitoa kitabu kile kabatini asubuhi kabla ya watu, nasoma kurasa mbili tatu, nakirudisha."

"Unasoma kitabu ulichokizuia mwenyewe?"

Mzee alifumba macho. "Sikukizuia kwa kukisoma. Ningekisoma nisingesaini."

"Ulisainije?"

"Siku ile Alexander na mkaguzi walikuja saa saba mchana. Walikuwa wameshasaini. Gari lilikuwa nje, linanguruma. Tulikuwa tumealikwa chakula kwa mkubwa mmoja kule Capri Point. Alexander akasema, saini twende, samaki wanapoa. Nikauliza peni iko wapi. Basi! Nilisaini kwa sababu samaki wanapoa, mama. Na niliwala. Walikuwa sato wa kukaanga, watamu."

Hata Ngosha aliacha kuandika.

"Dorotea alikuwa nani kwako?"

"Aliandika kitabu kile kwenye meza hii. Likizo mbili nzima. Mimi ndiye niliyempa karatasi. Walipomfukuza kazi watu walimkwepa njiani kama mwenye ukoma. Mimi nikawa navuka ziwa kwenda Sengerema kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, nampelekea dagaa na magazeti. Miaka ishirini na moja. Na kila nikienda ananiambia, 'Ojuok, wewe peke yako hukuniogopa.' Neno hilo limenila, mama. Limenila hadi mifupa."

"Na sahihi yako?"

"Anaijua kuliko mama yangu mzazi. Kila kitabu alichoazima hapa niliweka sahihi yangu kwenye tarehe. Huyu binti aliposema ataichapa ukurasa wa mbele, niliona usiku kucha mkono wa Dorotea unafunua jalada. Jana alfajiri nikakichukua."

"Lakini mzee," alisema Ngosha, "si ungechana karatasi ile moja tu, ukakiacha kitabu? Nani angejua?"

Mzee Ojuok alimgeukia kwa mshtuko wa kweli, kana kwamba ameambiwa apige mtoto mchanga.

"Nichane kitabu?"

Kilikuwa nyumbani kwake Kiseke, ndani ya sanduku la bati, kimefungwa kwa khanga ya marehemu mkewe pamoja na dawa ya mende. Winnie alipokabidhiwa akione, aligeuka ukutani akalia waziwazi. Jioni ileile Ngosha alikisindikiza dukani kikatolewa fotokopi, ukurasa kwa ukurasa, karatasi ile ya kamati ikiwa ya kwanza.

Mzee Ojuok alilala kituoni. Alhamisi asubuhi Odeta alimtoa mahabusu.

"Mahakamani?" aliuliza mzee.

"Mahakamani Jumatatu. Leo tunavuka kwenda kwa Dorotea. Kitabu ni kielelezo changu, na kielelezo nakipeleka ninapotaka. Utakitoa wewe kwa mkono wako."

"Mama, heri mahakama."

"Najua. Ndiyo maana tunaanza kwake."

Kwenye kivuko, hadi Kamanga ng'ambo ya pili, mzee alikipakata kitabu kama kuku anayepelekwa zawadi.

Bibi Dorotea Mayala alikuwa amekalishwa kitandani kwa mito mitatu. Mwili umekwisha, lakini macho yalikuwa yaleyale ya mwalimu aliyezoea kuona darasa zima. Winnie alisimama miguuni na fomu zake, Odeta na Ngosha mlangoni.

"Ojuok! Leo si Jumamosi. Na hawa askari?"

"Shikamoo" haikumpasa, walikuwa rika moja. Mzee hakuwa na salamu nyingine. Alinyoosha kitabu.

Dorotea alikipokea kwa mikono miwili. Alilipapasa jalada, mashimo ya mende na yote. Akakinusa. Akacheka, machozi yakimshuka hadi kidevuni. "Kumbe kilikuwa chembamba hivi," alisema. "Kwa shida yote ile nilidhani kilikuwa kinene."

"Fungua jalada," alisema Ojuok.

Alifungua. Alisoma karatasi kuanzia juu, bila haraka. Kidole chake kikashuka kwenye sahihi ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu kikasimama.

Ngosha, huyo huyo Ngosha, alitazama viatu vyake.

"Uliona nini kibaya ndani yake?" aliuliza Dorotea.

"Sikuona kitu. Sikukisoma."

"Hukukisoma!"

"Samaki walikuwa wanapoa, Dorotea."

Mzee alisimulia kila kitu, Capri Point na ufunguo na sanduku la bati, hakujipunguzia hata tone. Dorotea alimsikiliza hadi mwisho. Uso wake ulikuwa mgumu, na hakuulainisha.

"Kuchukiwa ningeweza," alisema. "Karani wa kweli wa mizani, yule niliyemwandika, alinichukia, lakini alikisoma, akajiona humo. Wewe ulinifuta bila kunitazama. Kisha ukaniletea dagaa."

"Ndiyo."

"Miaka ishirini na moja."

"Ndiyo, Dorotea."

Dorotea alimgeukia Winnie. "Binti, hiyo fomu yako ya ruhusa inataka nini?"

"Sahihi yako, Bibi. Na shahidi mmoja."

Dorotea alichukua peni, akasaini. Kisha akamnyooshea Ojuok peni ileile. Mzee alipoipokea, Dorotea alikishika kitabu akakiweka juu ya fomu, akaifunika.

"Soma kwanza," alisema. "Kwa sauti, nikusikie. Ukimaliza ndipo usaini."

Winnie alitazama saa. "Bibi, kina kurasa mia moja na arobaini. Treni yangu ni jioni ya leo."

"Ipo nyingine Jumapili."

Winnie alimtazama Odeta. Odeta alivuta benchi akakaa, akavua kofia.

"Jalada langu la kesi halifungwi kwa machozi," alisema. "Jumatatu atajibu mashtaka yake. Leo sina haraka."

Mzee Ojuok alivaa miwani yake ya uzi. Akafunua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma kwa sauti ya kukwaruza. Alipofika ukurasa wa tatu, Ngosha aliona kwamba hatazami tena maandishi. Macho yake yalikuwa kwa Dorotea, na maneno yanamtoka kwa ghibu, moja baada ya jingine, bila kukosea hata nukta.

"Kitazame kitabu," alisema Dorotea. "Nimesema usome."

Mzee akainamisha kichwa, akarudi kwenye mstari.